Mjane, Pipa la Mawe na Samaki Wawili wa Marehemu

Kuna dada mmoja wa Mbezi Beach, jina kapuni, ambaye kwa wiki 6 majirani waliamini kabisa kwamba ameanza mambo ya waganga. Nyuma ya nyumba aliweka pipa la maji ya bahari, ndani mawe matupu na kamba mmoja anayeoza. Kila jioni anafunua, anachota maji kwenye kichupa, anatia matone ya dawa, anasubiri rangi ibadilike. Na mume ndiyo kwanza amezikwa. Mtaa ungesema nini kingine?

Kisa chenyewe kilianzia sebuleni. Marehemu aliacha tanki la samaki wa maji chumvi, lita 300, alilolipenda kuliko gari. Ila lilikuwa linaishi kwa mashine: ya kuchuja, ya kutoa uchafu kwa povu, na juu yake fundi wa kila mwezi. Miezi 3 baada ya msiba, mashine zote mbili zikafa ndani ya wiki moja. Fundi akataja bei ya vipuri vya kuagiza Dubai, dada akakaa chini. Ilizidi ada ya mtoto ya muhula mzima. Siku 10 hazijaisha, kati ya samaki 6, wanne wameshaelea.

Shemeji mtu akaja na ushauri wake: "Shem, uza hilo dude. Marehemu hayupo, hela hakuna, unamfugia nani?"

Alikuwa anamfugia mwanawe wa miaka 9, ambaye tangu msiba alikuwa kama ameishiwa maneno. Akitoka shule anakwenda kusimama mbele ya kioo, anahesabu. "Wawili." Anaondoka. Wawili wenyewe ni wale wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mgongoni. Yeye anawaita Nemo, ingawa Nemo wa kwenye filamu ana mistari mitatu. Baba yake alimrekebisha weee, hakusikia.

Basi dada akaanza kusoma usiku kwenye simu. Kumbe samaki wanauawa na uchafu wao wenyewe! Wao na chakula kinachobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo bado sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, yenye madhara kidogo. Bakteria hao hawadai mashine ya Dubai. Wanadai pa kukaa na maji yanayotembea. Jiwe lenye matundu linawatosha: juu yake wanakaa wanaopenda oksijeni, na ndani kabisa, ambako oksijeni ni haba, wanakaa wengine wanaogeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikajiendea hewani. Akakuta pia habari za Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeandika mwaka 1961 kwenye jarida la Marekani jinsi alivyofuga samaki wa bahari kwa mawe hai na mapovu ya hewa tu. Kama Jakarta iliwezekana enzi zile, Dar inashindikana vipi?

Matumbawe ya baharini hakuyagusa. Kuyavunja ni kosa, na Mbudya na Bongoyo ni hifadhi. Alinunua mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yale ya kujengea nyumba za Pwani, yenye matundu kama mkate wa kumimina. Kilo 40. Akayasugua, akayatia kwenye pipa. Mvuvi wa Kunduchi akamletea maji kwa madumu, yaliyochotwa mbali na ufukwe, ambako mitaro ya mji haifiki. Konzi ya mchanga kutoka tanki la marehemu ikawa hamira, yule kamba akawa chakula cha bakteria, na kipampu kikazungusha maji. Wale samaki wawili akawa anawapa chakula cha ncha ya vidole, mara moja kwa siku, na kuwabadilishia robo ya maji kila vipimo vikipanda.

Wiki ya 3, usiku wa mvua kubwa, umeme ukakatika. Maji yakisimama, oksijeni ndiyo huisha kwanza. Dada akashika jagi: anachota, anainua juu, anamwaga tena ndani ya tanki. Mtoto akaamka, akachukua kikombe, naye akaanza. Wakafanya hivyo saa nzima bila neno.

Halafu mtoto akasema, "Mama, siku ile baba anapelekwa hospitali aliniambia niwalishe. Sikuwalisha. Ndiyo maana wamekufa."

Mama akaweka jagi chini. "Hapana, baba. Samaki hafi kwa kulala njaa siku moja. Hawa wamekufa kwa sababu mashine iliharibika, na mimi nikawa nawajazia chakula kwa kuwahurumia. Si wewe."

Mtoto akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Kisha akachukua tena kikombe. Umeme ulirudi saa 10 alfajiri, samaki wazima.

Wiki ya 6 amonia na naitraiti zikasoma sifuri, mawe yakahamia tankini. Kwenye tanki dogo la chini akaweka mwani wa kijani wa nyuzi nyuzi, unaowashiwa taa usiku. Kila wiki anakata konzi anatupa, na naitreti inatoka nayo. Maji yakipungua kwa mvuke anaongeza ya baridi, maana chumvi haipai hewani. Kimebaki kipampu na taa tu. Samaki hajaongeza, kwa sababu mawe nayo yana kiwango chake.

Jumapili moja shemeji akapita, akainama mbele ya kioo, akaanza kukigonga kwa kidole.

"Baba mdogo, usigonge, unawashtua," mtoto akamwambia.

"Haya bwana. Mashine mpya mmeiweka wapi?"

Mtoto akaonyesha rundo la mawe, wale wawili wanapita katikati yake.

"Ndiyo hiyo unayoitazama," akasema, akaenda kumwita mama yake.