Darasa la Padre José Maurício

Sisi tuliozoea kusimama mbele ya wanafunzi tukiwa na chaki na sauti zetu tu, hatukutarajia kujikuta katika habari za mtunzi wa kanisa kuu la Rio de Janeiro. Tulimwendea Padre José Maurício Nunes Garcia kwa ajili ya Misa yake ya Wafu ya mwaka 1816, ambayo ndiyo iliyompa jina. Kilichotushika ni darasa lake.

Alizaliwa mwaka 1767, Brazili ingali koloni la Ureno. Alikuwa mjukuu wa watumwa. Babaye, mshonaji nguo, alifariki yeye akingali mtoto mdogo. Alipotaka upadri, alioupata mwaka 1792, ilimlazimu kwanza kuomba asamehewe kile kilichoitwa “kasoro ya rangi”. Maneno hayo tuliyasoma mara mbili, tukafunga kitabu kwa muda. Mtu aombe radhi kwa ngozi yake! Mwaka 1798 kanisa kuu lilimpa uongozi wa muziki wake.

Darasa lilikuwa nyumbani mwake, katika barabara ya Marrecas. Vijana walifundishwa bure, na kazi hiyo ilidumu kwa miaka ipatayo 28. Yasimuliwa kwamba kinanda hakikuwamo, nao wakajifunza kwa gitaa la nyuzi za waya. (Juma lilo hilo tulikuwa tumenung'unika kwa uchache wa vitabu, tuliona haya kidogo.)

Mwaka 1808 jamaa ya mfalme wa Ureno, ikikimbia majeshi ya Napoleon, ilihamia Rio. Mwana wa mfalme João alipendezwa na Padre, akamkabidhi muziki wa kanisa lake. Lakini mwaka 1811 aliwasili Marcos Portugal, mtunzi mwenye sifa Ulaya, na heshima nyingi zikamwendea huyo mgeni.

Huenda mtu akasema kwamba wanafunzi walimla Padre muda wa kutunga. Hatukubali. Tungo zake zilizosalia zapita 200, na mwaka 1821 aliandika pia kitabu cha mafunzo ya muziki na piano kwa ajili ya wanawe.

Alifariki tarehe 18 Aprili 1830, akiwa fukara. Lahani ya wimbo wa taifa wa Brazili ilitungwa na Francisco Manuel da Silva, mmoja wa vijana waliosoma katika nyumba ile isiyo na kinanda.