Shangingi la Marehemu Baba na Mitungi Miwili ya Gesi

Nimekuwa kimya kidogo, na aliyeninyamazisha ni gari.

Kwa desturi ya nchi yetu, shangingi ni gari la mtu asiyelipia mafuta. Linalipiwa na ofisi, na ofisi inalipiwa na sisi. Marehemu baba alilinunua la kwake mnadani, shirika moja lilipofunga ofisi zake hapa Dar: Land Cruiser yenye injini ya V8, lita 4.7, ya petroli. Alipofariki akatuachia, na hapo ndipo tulipojua kulipia mafuta ni kitu gani.

Mama ana tatizo la figo. Mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu, na kila akienda anakaa kwenye mashine kama saa nne. Kutoka kwetu, ndani ndani huko Mbezi, hadi hospitali na kurudi ni kilomita 50 hivi. Kwa wiki 150. V8 kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro inakupa kilomita 4 kwa lita, tena ukiwa na bahati. Ukichukua petroli kwa shilingi 3,000, unamaliza zaidi ya laki moja na elfu kumi kila wiki. Mnaokumbuka Agosti 2022, lita ilipovuka 3,400 hapa Dar, mtanielewa kwa nini tuliitisha kikao cha familia.

Dada yangu alisema tuuze, tununue IST. Hoja yake ilikuwa nzito na siidharau: IST inakunywa kidogo, vipuri vyake viko kila kona. Lakini mteja aliyekuja kulitazama shangingi alisikia mlio wa injini, akatikisa kichwa, akataja bei ya kutuonea huruma. Halafu kuna ile njia yetu ya kuingilia nyumbani. Wakati wa masika IST za majirani hulala huko huko zilikonasa. Mtu anayesafishwa damu hawezi kuiambia mashine isubiri matope yakauke.

Kaka, ambaye alisoma Uturuki, akaja na wazo la gesi. Kule magari yanayotumia LPG ni mamilioni, na sheli zinaiuza kama petroli. LPG ndiyo hii hii gesi yetu ya kupikia. Uzuri wake ni kwamba inageuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu, kwa hiyo mtungi mmoja wa duara unakaa pale pa tairi la akiba na kukupeleka mbali. Kwa gari kubwa la kwenda porini, hiyo ndiyo gesi yenyewe.

Shida ni kwamba LPG hapa kwetu inaletwa kwa meli, na soko lake ni jikoni. Kuna watu watakwambia ufunge mtungi wa jikoni kwenye buti. Wakimbie! Mtungi wa jikoni unatoa mvuke kwa juu, wakati wa gari unatoa kimiminika, na una valvu zake za usalama. Isitoshe, LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inajikusanya chini, kwenye sakafu ya gari au shimo la gereji, ikisubiri cheche.

Gesi tuliyonayo wenyewe ni nyingine. Ni gesi asilia, kwa sehemu kubwa methani, iliyogunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songosongo ilianza kuletwa Dar kwa bomba mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likazinduliwa 2015. Hii ndiyo inayoshindiliwa kwenye magari, ile tunayoiita CNG. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inapaa. Lakini nayo ina gharama yake: lazima ishindiliwe hadi kama bar 200. Tairi la gari lako lina bar mbili na kidogo. Ndiyo maana mitungi yake ni ya chuma kinene na mizito kweli kweli.

Nikaenda gereji. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akacheka. "Dada, hii ingekuwa dizeli ningekurudisha nyumbani." Injini ya dizeli haina plagi, na gesi inahitaji cheche ili iwake, kwa hiyo kuibadili ni kazi nyingine kabisa. Ya petroli inabaki na kila kitu chake. Unaongezewa mitungi, kifaa cha kupunguza mgandamizo, nozeli za gesi kwa kila silinda (zetu nane, na bei inapanda hapo hapo) na kompyuta ndogo ya kusimamia. Gari linawaka kwa petroli, maji ya injini yakipata moto linahamia gesi lenyewe. Maji ya moto yanapitishwa kwenye kile kifaa kwa sababu gesi inapotanuka inapoa sana, na bila joto kifaa kingeganda.

Kwa V8 na mitungi miwili ya lita 80 niliambiwa milioni tatu na nusu. Nilirudi nyumbani na daftari. Mitungi yote miwili inabeba kilo 25 hivi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo kwetu ni kilomita 6 hivi kwa kilo. Kilomita 150! Wiki nzima ya mama kwa kujaza mara moja. Kwa shilingi 1,550 kwa kilo, bei niliyolipa, ni chini ya elfu arobaini. Tukitoa na petroli ya kuwashia, tunaokoa kama elfu sabini kwa wiki, na gharama inarudi baada ya mwaka.

Sasa upande wa pili, maana sipendi kuuza maneno matamu. Buti limekwisha: viti vya nyuma vimeng'olewa na mitungi imelala pale. Nguvu imepungua kidogo, ingawa kwenye foleni ya Kimara hakuna anayeziona hizo nguvu. Foleni za Ubungo za 2023 na 2024, bajaji na teksi usiku kucha, wengi mnazikumbuka. Na kilomita 150 hazikufikishi hata Morogoro. Vituo vingi viko Dar na mkoa wa Pwani, kwa hiyo safari ya Kondoa, alikozikwa baba, bado ni ya petroli na ya michango.

Yaani gari lililoundwa kwenda popote tumelifunga kamba ndefu kwenye bomba la Ubungo. Kaka anaona tumelishusha hadhi. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza linafanya kazi inayolingana na ukubwa wake.

Zamani, kila Jumapili jioni, mama alikuwa anauliza kwa sauti ya chini: "Kesho mafuta yapo, mwanangu?" Wakati mwingine aliuliza kama hawezi kuruka siku moja, apumzike. Hakuwa amechoka. Alikuwa anatuonea huruma, na kuruka siku moja kwa mgonjwa kama yeye ni kucheza na uhai. Siku hizi swali lake la Jumapili ni nani atakayempeleka, maana anasema mimi naendesha kama dereva wa daladala.

Kama na wewe unafikiria kulibadili gari lako, anza na kilomita zako za wiki. Kama ni chache, gesi haitakulipa hata gari liwe kubwa namna gani. Kama ni nyingi na ni za mjini, tafuta gereji inayokuonyesha cheti cha mitungi kabla ya kukuonyesha bei.