Mizani ya Sinema Tatu

Katika nchi ya machimbo, kutoka Shinyanga mpaka Geita, mizani ni chombo cha heshima. Mchimbaji huteremka duarani, huvunja jiwe, hulisaga kwa karasha, huosha unga wake mwaloni, na mwisho wa jasho lake huketi mbele ya mnunuzi akitazama mizani. Hapana asiyejua hapo kwamba wingi wa jiwe si wingi wa dhahabu. Mtu wa namna hii hastahili kudharauliwa atoapo hukumu juu ya sinema. Wala sinema si ngeni kwake: Steven Kanumba, mchezaji aliyependwa sana nchini, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984.

Walakini nchi hiyo hiyo ilipata kuwa na mizani nyingine, ya haramu. Tangu mwaka 2007 hivi mauaji ya watu wenye ualbino yalizidi katika Kanda ya Ziwa, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta bahati machimboni na ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Watoto wengi walipelekwa Buhangija, Shinyanga, wapate salama. Lugha nayo ilitiwa doa: binadamu aliitwa "dili". Neno hilo ndilo liwe kipimo cha sinema yoyote juu ya msiba huu. Je, mtazamaji anapoinuka kitini, yule aliyeitwa dili amekuwa mtu machoni pake?

Sinema tatu zafaa kupimwa hivyo. Ya tatu kwa daraja ni "White Shadow" ya Noaz Deshe, ya mwaka 2013, ingawa ndiyo iliyotunukiwa Venice tuzo ya kazi ya kwanza. Ubora wake ni ushujaa. Alias, kijana aliyeshuhudia baba yake akiuawa, hupelekwa mjini kwa mjomba wake, dereva wa lori. Huko huuza miwani na simu, na hupenda kama vijana wote wapendavyo. Kasoro yake ni kwamba picha hutikisika, habari hukatika, na hofu humeza yote. Mtazamaji humhurumia Alias kama amhurumiavyo anayewindwa. Huruma ni njema, lakini huruma si usawa.

Ya pili ni "In My Genes" ya Lupita Nyong'o, ya mwaka 2009, juu ya Wakenya wanane wenye ualbino. Ubora wake ni utulivu: wenye maisha ndio wasemao maisha yao, na asemaye nafsi yake hawi tena bidhaa. Kasoro yake, kwa mizani ya hapa, ni umbali. Machimbo hayamo, na mtazamaji wa Geita anaweza kuinuka akijifariji kwamba mambo hayo ni ya jirani.

Ya kwanza ni "In the Shadow of the Sun" ya Harry Freeland, ya mwaka 2012. Humo Josephat Torner, mwenyewe mwenye ualbino, huingia vijijini palipotendeka maovu, husimama mbele ya watu, na huwauliza kama yeye si binadamu. Swali hilo halimwachi mtazamaji nje, humtaka ajibu. Pamoja naye yumo kijana wa Ukerewe ambaye haja yake ni shule tu. Kasoro yake ni safari ya Torner kupanda Kilimanjaro. Ni ushindi wa kupendeza, lakini mtu hana haja ya kufika kileleni ndipo ahesabiwe mtu. Kijana anayetaka kusoma ni hoja iliyotosha.

Msomaji anaweza kuzipanga vingine, nayo itakuwa haki yake. Lakini ipo kasoro moja iliyo ya zote: hapana hata moja yenye jina la Kiswahili. Mtu aliyetukanwa kwa neno la mitaani ya Shinyanga na Geita alirudishiwa utu wake chini ya majina ambayo wengi wa mitaani humo hawawezi kuyaeleza. Jeraha lilitiwa kwa lugha ya nyumbani. Ni haki dawa nayo iitwe kwa lugha ya nyumbani. Sinema itakayofanya hivyo itastahili kuwekwa juu ya hizi tatu.