Vyungu vya Unguja Ukuu

Tangu utotoni tumesimuliwa kwamba historia ya visiwa vyetu ilianza pale jahazi la Washirazi lilipotia nanga. Simulizi hiyo tumewarithisha wanetu bila kuihoji, hadi likizo hii tulipofuatana nao kwenda Unguja kutazama magofu.

Pango la Kuumbi liko kusini mashariki mwa kisiwa, karibu na Jambiani. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta humo zana za mawe na mifupa ya nyati na pundamilia. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini mno, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara; wawindaji walifika kwa miguu. (Wapo wanaopeleka matambiko pangoni hata leo. Hilo halikutupendeza, wala hatukuwaficha watoto.)

Unguja Ukuu ilikuwa bandari tangu karne ya 7 hivi. Hapo vimepatikana vioo, shanga na vyombo vya kung'aa kutoka Uajemi na Uchina, na wageni huvisifu hivyo. Sisi tulivutiwa zaidi na vigae vya vyungu vya kupikia vya wenyeji, vilivyochorwa pembetatu shingoni. Ndivyo vilivyo vingi kuliko vyote. Vyungu vya namna hiyo vimechimbuliwa pia Shanga, kisiwani Pate, na hata bara, mbali na bahari. Basi waliopika bandarini pale walikuwa watu wa pwani hii, na mji ulikuwa wao.

Kizimkazi tuliswali Adhuhuri katika msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yamebaki.

Tukitoka, binti mmoja akauliza, "Mama, wenye vile vyungu ni bibi zetu au si wetu?"

Tulimweleza yaliyochapishwa mwaka 2023 na watafiti waliopima mifupa ya waliozikwa Manda, Mtwapa na miji mingine ya kale: kwa wengi wao, nasaba ya kiumeni ilielekea Uajemi, na ya kikeni ilikuwa ya Afrika. Jahazi, basi, lilikuja kweli. Lilikuta jiko linawaka.

"Basi ni wetu," akasema, akaenda kuchukua viatu vyake.