Zawadi Iliyofungwa kwa Mfuko wa Saruji

Siku kuu ya Krismasi inakaribia, na hapa mjini Babati dalili zake zimeanza kuonekana mahali pale pale zinapoonekana kila mwaka: juu ya meza za vijana wanaouza karatasi za kufungia zawadi. Karatasi hizo humeta kama magamba ya samaki. Juma lililopita binti yangu alisimama mbele ya meza moja akakataa kuondoka. Alitaka karatasi tatu. Nilizishika, nikapiga hesabu, nikaona kwamba fedha hiyo ingetosha kuongeza daftari katika zawadi yenyewe. Nikamvuta mkono tukaenda zetu, naye akanuna mpaka nyumbani.

Sikumlaumu. Mimi ni mtu wa mwisho anayeweza kumlaumu mtoto kwa jambo hilo, na sababu nitaieleza hapa, ingawa kwa kuieleza najitia matatani na msomaji mmoja ambaye hakosi kusoma ukurasa huu.

Krismasi ya mwaka 1997 ilikuwa ya mvua za El Niño. Babati ilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mama mdogo, aliyekuwa akikaa Arusha mjini, alikuwa amejifungua, na mama yangu alimfumia mtoto sweta la manjano, usiku baada ya usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli. Alipomaliza alitoa chini ya godoro karatasi ya mfuko wa saruji aliyokuwa ameihifadhi, akalifunga sweta, akakaza kwa maganda ya mahindi yaliyosukwa. Akanipa nibebe. Basi letu lilikwama topeni mara mbili, na njia nzima nilikipakata kifurushi kile kwa fahari, mpaka tulipoingia sebuleni kwa mama mdogo. Juu ya kabati zilikuwapo zawadi za jamaa wengine, zote katika karatasi za kumeta. Nikakitazama changu. Watu walipokwenda kumwona mtoto, nilikisukuma nyuma ya kochi.

Mama alipouliza, nilijibu kwamba nimekiweka pamoja na vingine. Kilionekana wakati wa Pasaka, kochi lilipohamishwa ili chumba kipakwe rangi. Mtoto alikuwa amekwisha kunenepa, na sweta halikupita hata kichwani. Likarudishwa Babati. Mama alilifumua lote, akaukunja uzi, akaanza upya kwa kipimo kikubwa zaidi. Tangu hapo husema kwamba kifurushi kilianguka chenyewe, nami kwa zaidi ya miaka 25 nimemwacha aseme hivyo.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi, kwamba karatasi si kitu na kilichomo ndani ndicho kitu. Wanaotuhubiria kubana matumizi husahau kwamba mtoto ana macho. Mwezi huu wa Desemba mzazi wa Babati anazo mbegu za kununua, na Januari shule zinafunguliwa. Ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Fedha ya karatasi za kumeta haipo. Kazi iliyobaki, basi, ni kukifanya kifungio cha bure kipendeze kiasi cha kumfanya mtoto akibebe bila kuinamisha kichwa.

Tuanze na mfuko huo wa saruji. Mji wetu unajengwa kila upande, na fundi anayetumia saruji ya mifuko ya karatasi hatakunyima mitupu. Kaikung'ute nje, upepo ukikupa mgongo, pua na mdomo umevifunika, na watoto wakae mbali, maana vumbi lile huwasha macho na ngozi. Fumua mishono. Karatasi zikiwa zaidi ya moja, ya nje yenye maandishi ya kiwanda na ya ndani iliyogusana na saruji ziache. Ya katikati ndiyo unayoitaka. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iache ikauke, halafu ipige pasi isiyo kali. Utapata kaki ngumu, ya rangi ya udongo, ambayo hata wauza karatasi wangeionea wivu. Kama huna mfuko wa saruji, ile mifuko midogo ya kaki tunayofungiwa sukari dukani yatosha kwa zawadi ndogo. Kukunja hakuna haja ya kufundishwa: kila aliyewahi kujalidi daftari la shule anajua namna ya kuzivunja pembe zikakaa sawa. Badala ya selotepu, korogea unga wa ngano kidogo katika maji, upashe motoni mpaka uwe gundi.

Kama kaki tupu inakuchusha, kata kiazi katikati, uchonge nyota, uichovye katika maji mazito ya bitiruti na kugonga kama mhuri wa ofisini. Watoto wangu walifanya hivyo wakamaliza bitiruti yote ya kachumbari.

Sasa maganda ya mahindi, ambayo hapa kwetu hutupwa au hupewa ng'ombe. Chagua yale ya ndani, meupe na laini. Yaloweke katika maji ya vuguvugu mpaka yalainike, uyachane kwa ukucha yawe nyuzi pana, kisha ufunge yakiwa bado mabichi. Yakikauka hujikaza yenyewe. Ukikunja manne au matano pamoja na kuyabana katikati, unapata ua. Ukitaka rangi, tia manjano ya mchuzi katika maji ya kulowekea.

Khanga ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kifungio chenyewe ni zawadi. Weka kitu katikati, unganisha ncha mbili zinazotazamana, halafu zile mbili nyingine, nazo zitakuwa mpini. Ila soma jina la khanga kwanza! Jirani yangu alimfungia mama mkwe wake sufuria mpya kwa khanga nzuri ajabu, ya nyekundu na nyeusi, bila kutazama maandishi. Yalikuwa fumbo la wazi kwa wambea. Mpaka leo mama mkwe huitumia sufuria; khanga hajaivaa.

Wenzetu wa Japani wanazo tangu zamani nguo za mraba za kufungia vitu, waziitazo furoshiki. Na katika habari hii mna mkono wa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alizuru nchi hiyo akasikia neno lao "mottainai", yaani sikitiko la kuona kitu chema kikipotea bure. Alilipenda, akalitangaza duniani. Mwaka uliofuata Yuriko Koike, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Japani, alitoa furoshiki iliyopewa jina hilo ili watu waache mifuko ya plastiki. Sisi mifuko hiyo tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, tukarudi kwenye vikapu; lakini siku ya Krismasi tunainunua plastiki ile ile kwa mlango wa nyuma, maana nyingi ya karatasi zile za kumeta zimepakwa utando wa plastiki. Ukizitia katika shimo la taka haziozi, na ukizichoma zinatoa moshi mbaya.

Gazeti hili nalo lafaa, wala sitaona uchungu. Angalia tu usielekeze nje ukurasa wa matangazo ya vifo.

Jumapili jioni tulikaa mkekani, binti yangu nami, tukafunga zawadi ya bibi yake aliyeko Bonga. Alianza kwa kununa. Alipofika kwenye ua la maganda alinikataza kuligusa, akalifungua na kulifunga mara tatu mpaka likamridhisha, kisha akauliza kama anaweza kulibeba yeye mwenyewe. Ndani mna mipira sita ya uzi wa manjano, na juu yake nitaweka ukurasa huu, maandishi yakitazama juu, ili mama auone kabla ya uzi. Ila namjua. Kwanza ataifungua karatasi polepole bila kuichana, atailainisha kwa kiganja juu ya goti, ataikunja mara nne, na kuinuka kwenda kuitia chini ya godoro. Hapo ndipo atakaporudi kuvaa miwani.