Jina limefika kabla yako

Hapa Bomet jina husema mengi. Ukisikia Kiprotich unajua ni mwanamume, Mkalenjin, aliyezaliwa jioni ng'ombe wakirudi nyumbani. Msichana wa saa hiyo ni Cherotich. Hujamwona mtu, tayari umeamua: huyu lazima ni mwanariadha! (Wengi wetu hata matatu ya Sotik hutuacha.)

Kwenye maombi ya kazi si mzaha tena, jina hilo hilo laweza kukunyima unga. Wenzangu wa kompyuta husema dawa ni rahisi: programu ya kuchambua maombi ifiche majina. Sikubali. Mwaka 2018 Reuters walieleza yaliyowapata Amazon. Programu yao ilijifunza kutokana na maombi ya miaka 10, mengi ya wanaume, ikaanza kuwashusha waliotaja neno "wanawake", hata waliosoma vyuo viwili vya wanawake pekee. Wakaiacha.

Haya, ficha Cherotich. Chini yake kuna Kaplong Girls. Ficha shule, kuna timu ya netiboli. Mimi ningefungua kwanza faili za zamani, nione nani alikuwa akichagua, na alimchagua nani, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu.