Chuma cha Kulehemu: Kutoka Mkaa hadi Sola

Kibiti ya utoto wangu haikuwa na umeme, lakini ilikuwa na redio. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikaa vikundi vikundi kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakajadiliana. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, hakuna aliyekubali redio yake ikae kimya hata usiku mmoja. Zilizoharibika zilifika kwa mjomba wangu. Za Kibiti zilikuja kwa baiskeli. Za delta ya Rufiji zilikuja zimefungwa ndani ya kanga, zikapanda mtumbwi hadi Nyamisati, ndipo zikapata gari.

Nyingi hazikuwa na ugonjwa mkubwa. Betri zilikuwa zimevuja, au waya umekatika pale ulipoungwa. Redio za delta zilikuwa na taabu yao ya pekee: hewa ya chumvi ilikula shaba mpaka ikaota kutu ya kijani. Dawa ya yote hayo ilikuwa kukwangua, kusafisha na kulehemu upya.

Chuma cha kulehemu cha mjomba kilikuwa kipande cha shaba kinene kama kidole gumba, kimefungwa kwenye nondo nyembamba yenye mpini wa mti. Alikipata kwa fundi bati aliyetengeneza vibatari na mikebe ya kupimia mafuta. Kilipashwa moto kwenye jiko la mkaa. Mjomba hakukigusa kujua kama kiko tayari. Aliangalia ndimi za moto. Zikianza kuwa za kijani pembeni mwa shaba, alikitoa, akakipangusa kwa kitambaa kibichi na kukigusisha lehemu. Hapo alikuwa na muda wa kuunga sehemu mbili au tatu, kisha kinarudi motoni.

Ugumu ulikuwa kwamba chuma hicho kiliumbwa kwa ajili ya bati, si kwa ajili ya redio. Transista za wakati ule, hasa zile za gerimani (germanium), ziliharibiwa upesi na joto. Basi mjomba alizungushia ile shaba waya mnene wa shaba, akaacha ncha ya waya itokeze mbele kama mdomo wa korongo, na kwa ncha hiyo ndogo akaunga. Kila mguu wa transista aliubana kwa koleo ili joto linywewe na koleo kabla halijapanda juu. Nilishika koleo hilo mara nyingi. Aliniambia, "Mpwa wangu, joto lisikae. Lifike, lifanye kazi, liondoke." Hadi leo sijasoma maelezo ya kulehemu yanayoishinda sentensi hiyo.

Jambo jingine alilolikataa kabisa ni asidi ya mafundi bati. Asidi husafisha bati vizuri, lakini ndani ya redio inabaki ikitafuna shaba polepole, na baada ya miezi mteja anarudi. Yeye alitumia ulimbo mgumu wa msonobari peke yake. Ushauri huo haujapitwa na wakati: waya wa lehemu wa kielektroniki una ulimbo huo ndani yake, na chupa ya asidi iachwe kwa wenye bati na mabomba.

Baadaye kilikuja chuma cha volti 12, kilichobanwa kwenye betri ya gari, na umeme ulipofika Kibiti kikaja cha kuchomeka ukutani, kilichonunuliwa Kariakoo. Chombo hicho hakikuwa kigeni duniani: Ernst Sachs alianza kutengeneza vyuma vya umeme Ujerumani mwaka 1921. Kwetu kilichelewa kwa sababu umeme wenyewe ulichelewa.

Pamoja na umeme ikaja ncha ya aina mpya, na hapa mafundi wengi wazuri walipoteza pesa. Ncha ya shaba tupu huliwa na lehemu, kwa hiyo tulizoea kuipiga tupa irudi kuwa kali. Ncha za sasa ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya chuma. Ukiipiga tupa au msasa, ngozi inachanika, lehemu inapenya, na ncha imekwisha. Ipanguse kwa sponji yenye unyevu au nyuzi za shaba nyeupe, na kabla ya kuzima iache imefunikwa na lehemu mpya. Kwa anayeishi karibu na maji ya chumvi, na anayelehemu mara moja kwa mwezi, tone hilo la lehemu ndilo linaloamua kama ncha itadumu.

Vijana wananiuliza wanunue kipi. Wao si mafundi wa kukaa kibandani; wanataka kurekebisha taa ya sola, tochi ya kuvulia, waya wa chaja. Wengi huangalia namba ya wati tu. Wati hazikuambii joto la ncha. Zinakuambia jinsi joto linavyorudi haraka baada ya kunyonywa na waya. Chuma cha wati 30 kisicho na kidhibiti kikikaa bure hupanda joto kupita kiasi na kuunguza ulimbo, halafu kikigusa waya mnene wa betri kinapoa na kushindwa. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na isiyo na risasi, iliyoenea baada ya sheria ya Ulaya ya kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inahitaji zaidi ya nyuzi 217.

Kwa hiyo mwenye umeme wa ukutani achukue cha wati 60 chenye kirekebishio cha joto kwenye mpini na ncha zinazobadilishwa, akiweke karibu nyuzi 330 au 350. Ncha iwe bapa, upana wa milimita mbili hivi. Ile iliyochongoka kama sindano inapendeza dukani, lakini inagusa mahali padogo mno na haipitishi joto.

Walioko delta wanaotegemea paneli na betri wasibebe inveta kwa ajili ya kazi ya dakika kumi. Wanunue cha volti 12. Cha wati 60 kinavuta ampea tano, mzigo ambao betri ya sola ya wastani inaumudu kwa muda mfupi. Wawe waangalifu na vile vidogo vya kisasa vyenye kompyuta ndani, kama TS100: ni vizuri sana, ila kwenye volti 24 vinatoa wati 65, na kwenye volti 12 takriban wati 17 tu. Vile vya USB vya volti 5 vinafaa waya mwembamba wa spika, basi.

Bei isiwe kigezo cha kwanza. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana ncha za akiba za chuma hicho. Kama hana, nenda duka la pili. Na lehemu yenye risasi ukishaishika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto.